Kabla Hujamwita Mtu Kuorodhesha Vitu vya Nyumba Yako

Ukiulizwa leo vitu vilivyo ndani ya nyumba yako vina thamani gani, utajibu nini? Wengi wetu hukisia tu: "Labda laki tatu hivi." Halafu moto unazuka, au mzazi anaaga dunia na familia inataka kujua aliacha nini. Hapo ndipo tunaanza kukuna kichwa.

Wapo watu wanaofanya kazi ya kupita chumba kwa chumba, kupiga picha na kuandika kila kitu. Kazi yao ni nzuri. Lakini mtu huyo ataona kila kabati, na akitoka atakuwa na orodha ambayo mwizi angeifurahia sana. Kwa hivyo mchague kwa makini, na umlipe kwa njia inayoacha ushahidi.

Orodha ina faida gani?

Chukua mfano wa bima. Vitu vyako vina thamani ya Sh800,000, lakini wewe ulikisia na kukata bima ya Sh400,000. Moto unaharibu vitu vya Sh200,000. Mikataba mingi ya bima ina kipengele kinachosema kwamba ukikata bima ya nusu, utalipwa nusu ya hasara. Utapata Sh100,000, tena kabla ya makato mengine. Orodha sahihi ingekuonyesha pengo hilo mapema.

Mirathi nayo ni hivyo hivyo. Anayeomba mahakamani kusimamia mali ya marehemu huapa na kutaja mali na madeni yaliyoachwa. Orodha iliyoandikwa mapema, ndugu wote wakiijua, hupunguza ugomvi.

Unahitaji mtu yupi?

Kama unaishi chumba kimoja, simu yako na daftari vinatosha. Kama unahama, kampuni nyingi za kuhamisha vitu zinaweza kuorodhesha. Lakini ukitaka ripoti ya thamani, uliza kwanza kampuni yako ya bima au wakili wako watakubali ripoti ya nani. Hapa Kenya, wathamini husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini chini ya Sheria ya Wathamini, Sura ya 532. Akisema yeye ni mthamini, muombe nambari yake ya usajili na uihakikishe.

Mchunguze kabla hajaingia

- Ona kitambulisho chake cha kitaifa na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI. Angalia tarehe, cheti cha miaka mitano iliyopita hakikusaidii.
- Kama ana biashara, tafuta jina lake kupitia eCitizen uone kama imesajiliwa.
- Omba nambari za wateja wawili na uwapigie wewe mwenyewe. Waulize: Alikuja na nani? Orodha ilibaki kwa nani?
- Andikeni makubaliano: bei, siku za kazi, na kwamba atafuta picha zote akishakukabidhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari zako, na hili ni jambo la kumkumbusha bila aibu.

Siku ya kazi

Wewe au jamaa unayemwamini awepo muda wote. Pesa taslimu, dhahabu na hati za shamba zifungie kando uziorodheshe mwenyewe. Orodha isitaje kitu kimefichwa wapi.

Kila kitu cha maana kiandikwe aina yake, nambari iliyo nyuma ya kifaa, mwaka ulionunua na bei. Kwa simu, bonyeza *#06# upate nambari ya IMEI yenye tarakimu 15. Je, risiti ya friji ilipotea? Kama ulilipa kwa simu, taarifa ya miamala yako itaonyesha tarehe, kiasi na aliyepokea. Iambatanishe.

Malipo: hapa ndipo wengi huumia

1. Usilipe pesa zote mwanzoni. Lipa kiasi kidogo cha kuanzia, salio ulimalize ukishapokea na kukagua orodha.
2. Tumia nambari ya till au paybill ya biashara ikiwa anayo. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Likiwa tofauti na lililo kwenye makubaliano, simama hapo na uulize.
3. "Tuma kwa namba ya ndugu yangu, yangu ina shida." Ukisikia hivyo, usitume.
4. Hifadhi ujumbe wa malipo. Una tarehe, jina na nambari ya muamala. Ndio ushahidi wako mkikosana.
5. Usimpe simu yako ikiwa imefunguliwa, hata kama anataka "kupiga picha tu". PIN yako usimwambie mtu yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wetu. Sisi hatuulizi PIN.

Kazi ikiisha, weka nakala moja nje ya nyumba, kwa mfano kwenye barua pepe yako au kwa dada yako. Orodha iliyo kwenye droo huungua pamoja na droo. Kila ukinunua kitu kikubwa, kiongeze siku hiyo hiyo.

Na ukituma malipo kwa nambari isiyo sahihi, tupigie mara moja, kabla pesa hazijatolewa.