Raha ya Unyumba Ikiondoka: Utabibu wa Kihindi Wasema Nini?

Yako maradhi ambayo mgonjwa wake huyaficha kwa tabibu, na mara nyingi huyaficha hata kwa mwenziwe alalaye naye kitanda kimoja. Nayo ni kuondokewa na raha ya unyumba. Sisi waalimu wa chuoni huyasikia kwa mafumbo. Mwanamume huja baada ya Alasiri, akazungumza habari za mvua na bei ya mchele, na mwisho, akiwa amekwisha kuvaa viatu, huomba kombe la maumivu ya mgongo. Mke naye hamtumi ila mtu mzima. Na siku hizi wengi wao, kabla ya kutujia, huwa wamekwisha kununua kopo la unga lililoandikwa kuwa ni dawa ya Kihindi, ya Ayurveda. Kwa kuwa hapana haya katika kutafuta ujuzi, tumeona yafaa kueleza utabibu huo wasema nini hasa, na ndani ya makopo hayo mwaweza kuwa na nini.

Ayurveda ni elimu ya tiba ya Bara Hindi, na maana ya jina lake ni elimu ya uhai. Waislamu si wageni nayo. Katika zama za Bani Abbasi, mawaziri wa ukoo wa Barmaki waliwakaribisha Baghdad waganga wa Kihindi, na vitabu vya Charaka na Sushruta vikafasiriwa kwa Kiarabu. Ali bin Sahl Rabban al-Tabari, alipokimaliza kitabu chake Firdaus al-Hikma mwaka 850, aliweka mwishoni mwake sehemu nzima ya tiba ya Wahindi.

Elimu hiyo ina matawi 8, na moja katika hayo huitwa vajikarana, neno litokalo katika jina la farasi. Asili ya fikira yao ni kwamba chakula hupikwa mwilini daraja baada ya daraja: kwanza huwa maji ya lishe, kisha damu, nyama, mafuta, mifupa, uboho, na mwisho kabisa manii. Kwa hiyo mwenye tumbo bovu hapewi dawa ya nguvu mpaka tumbo lake lisafishwe.

Lakini lililotupendeza zaidi ni lile asemalo Charaka juu ya sababu. Hakutaja uzee na ugonjwa peke yake. Alitaja pia wasiwasi, kazi ya kuchosha, njaa na kupita kiasi katika unyumba wenyewe. Kisha akataja hofu, huzuni, na watu wawili kutoaminiana. Na juu ya dawa zote alimweka mke apendwaye na anayependa. Mwenye kuuza makopo hayasemi haya, maana hayana bei.

Dawa zenyewe aghalabu ni chakula: samli, maziwa, ufuta, na aina ya choroko nyeusi. Kisha huja mizizi ya ashwagandha na ya shatavari, miiba ya mbigili, na mbegu za upupu. Naam, upupu huu huu utuwashao makondeni. Utaalamu wa leo umeona kwamba mbegu za upupu zina levodopa, dawa ile ile wapewayo wagonjwa wa kutetemeka, waitwao wa Parkinson. Basi mwenye kutumia dawa za maradhi hayo asijiongezee upupu kwa siri. Ama ashwagandha, imepata kuonekana ikiwadhuru watu ini, na mwanamke mwenye mimba haimfai. Nchi ya Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

Hapa twapenda kusema na vijana. Ile fikira ya kwamba manii ndiyo kilele cha chakula chote imezaa hofu kubwa. Mwaka 1960 tabibu wa Kihindi, N. N. Wig, aliipa jina hali ya vijana waliodhoofika na kuhuzunika kwa kuamini kuwa nguvu zao zinavuja katika mkojo au usingizini. Manii hutengenezwa mwilini kila siku, na ndoto ya usiku haimpunguzii kijana chochote. Yampasa kuoga tu na kuendelea na shughuli zake.

Juu ya wanawake, vitabu hivyo vya zamani vina upungufu. Charaka ameandika mlango wa maradhi ya uzazi na kuyahesabu 20, lakini katika vajikarana mwanamke ni dawa ya mumewe zaidi kuliko kuwa yeye mwenyewe mgonjwa wa kutazamwa. Al-Ghazali, katika Ihya, alimtaka mume amngojee mkewe naye apate haja yake. Na leo twajua kwamba mama anyonyeshaye, na aliyekoma hedhi, mwili wake huweza kukauka hata unyumba ukawa maumivu. Hilo si kiburi wala si kukosa mapenzi, na lina dawa yake hospitali. Dawa nyingine za kutuliza huzuni nazo huondoa raha, kwa mume na kwa mke. Anayezinywa asiziache ghafula, bali amwambie tabibu ambadilishie.

Turudi kwenye makopo. Serikali ya India yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1954, ilikataza kutangaza dawa kwa kudai kwamba zaongeza uwezo wa raha hiyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani mjini Boston, na 14 kati yake zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Na unga mwingi usifiwao kuwa ni majani matupu umekutwa umetiwa kwa siri sildenafili, dawa ya vidonge iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998. Ndiyo maana watu wakasema unafanya kazi! Lakini mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, kama vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi, akivila pamoja na unga huo damu yake huweza kushuka ghafula akafa.

Na hili ndilo litutialo hofu kuliko yote. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, basi ikianza kuziba kwa kisukari, kwa tumbaku au kwa shinikizo la damu, upungufu huweza kuonekana chumbani miaka kadhaa kabla moyo haujauma. Mume akinyamaza na kopo lake, huwa ameificha habari ambayo mwili wake ulimletea mapema. Aende akapimwe sukari na shinikizo la damu, amweleze tabibu dawa zote anywazo, na kopo lenyewe alichukue mkononi, hata kama limekwisha nusu.