Kijana Anataka Kurusha Helikopta Ng'ambo

Juma hili nimepata barua kutoka kwa mama mmoja wa Muheza. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, naye amemwambia kwamba anataka kusomea urubani wa helikopta ili akafanye kazi nchi za nje kwa zamu, mwezi kazini na mwezi nyumbani, kwa mshahara wa dola. Fedha za masomo hazipo. Lililopo ni shamba la michungwa aliloacha marehemu baba yake. Mama anauliza: wewe uliyeifanya kazi hiyo, niuze au nisiuze?

Wasikilizaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla sijakaa mbele ya kipaza sauti hiki nilikuwa rubani, na kwa miaka kadhaa nilikuwa Nigeria, nikipeleka na kurudisha wafanyakazi wa mafuta baharini. Kwa hiyo mama hakukosea mlango. Ila jibu lake linataka kwanza tuielewe kazi yenyewe.

Mafuta mengi ya Nigeria hutoka chini ya bahari. Eneo la Bonga, lililoanza kutoa mafuta mwaka 2005, liko kiasi cha kilomita 120 kutoka pwani. Wafanyakazi wa huko hulala huko huko kwa majuma kadhaa, halafu hupokezana na wenzao. Kwa meli ni safari ndefu ya kutapika. Kwa helikopta ni chini ya saa moja. Marubani nao hupokezana. Wengi wetu tulikuwa wageni, kila mmoja na kwao, basi tulikaa kambini majuma manne, matano au sita, kisha kampuni ikatupa tiketi ya kwenda nyumbani kwa muda uleule.

Hesabu ya kwanza ya rubani kila asubuhi ni ya uzito. Kila abiria hupandishwa mizani pamoja na begi lake, kama gunia sokoni. Hewa ya joto ni nyepesi, na mapanga ya helikopta hayapati cha kushika kama yanavyopata kwenye baridi. Halafu kuna mafuta ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba, maana ukikuta mtambo umefunikwa na mvua huna kwingine pa kutua. Uzito ukizidi, mtu hubaki. Niliwahi kumshusha bwana mkubwa mmoja pamoja na mkoba wake, na alinitazama kana kwamba nimemnyang'anya mke.

Lakini kazi hasa iko kwenye kutua. Kiwanja chenyewe kina upana wa mita 20 hivi, na pembeni yake pana winchi na minara ya chuma inayoupindua upepo. Kama kiko juu ya meli, kinapanda na kushuka na kulala ubavu. Helikopta hizo zina injini mbili na marubani wawili, na watu hudhani injini moja ikizimika basi ya pili inatosha. Inatosha ukiwa unakwenda mbele kwa kasi. Kusimama hewani juu ya bahari ukiwa na mzigo kamili ni jambo jingine, na injini moja huenda isiweze. Ndiyo maana kabla ya kukifikia kiwanja kuna nukta moja ambayo ukishaivuka lazima utue, hata injini ikizimika. Nukta hiyo huioni popote. Umeiweka kichwani, na mwenzako anaitamka kwa sauti.

Kila mtu anayepanda helikopta hizo, rubani na abiria, hufundishwa kwanza kuzama. Mnafungwa mikanda ndani ya kibanda mfano wa helikopta, kinatumbukizwa kwenye bwawa na kupinduliwa kichwa chini. Injini na gia za helikopta ziko juu, kwa hiyo ikianguka majini aghalabu hupinduka. Mkono mmoja unashika dirisha, mwingine uko kwenye mkanda, na unangoja maji yatulie ndipo ufungue. Ukifungua mapema unaelea ndani ya giza bila kujua juu wala chini. Nimeona wanaume wazima wenye misuli wakilia katika bwawa lile.

Hayo si maigizo. Mwaka 2009 huko Canada, skrubu za kichujio cha oili ya gia zilikatika, oili ikamwagika yote, na kati ya watu 18 akapona mmoja. Mwaka 2016 huko Norway mapanga yalichomoka helikopta ikiwa angani, wakafa wote 13. Nchi hizo hazichezi na usalama, na mama anapaswa kuyajua haya kabla ya kusikia habari za dola.

Nasi Nigeria tulikuwa na yetu. Kuanzia Novemba vumbi la Sahara liitwalo hamatani linaweza kuifunika nchi mpaka usione mwisho wa uwanja, na msimu wa mvua radi hupanga mstari baharini. Isitoshe, nilipofika ilikuwa miaka ile baada ya 2006 ambapo wafanyakazi wa kigeni wa mafuta walikuwa wakitekwa nyara kwenye delta ya mto Niger. Kutoka kambini hadi uwanjani tulisindikizwa na bunduki. Mji wenyewe niliuona kupitia kioo cha gari.

Sasa nije kwenye shamba. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya kwanza ya rubani wa biashara wa helikopta huhitaji saa 150 za kuruka, au 100 ukiwa katika chuo kilichoidhinishwa. Saa hizo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Hapo ndipo shamba linapokwisha, na hapo ndipo kijana anapogundua kwamba bado hajafika. Kampuni za mafuta haziajiri mtu wa saa 150. Hutaka mamia ya saa ili akae kiti cha msaidizi, na maelfu ili awe nahodha. Kati ya hapo na pale pana shimo. Wazungu wengi hulivuka kwa kufundisha wanafunzi wapya, au kwa kutembeza watalii kama wale wa Grand Canyon kule Marekani. Kijana wetu atahitaji kibali cha kufanya kazi kwao, na kibali hicho hakiuzwi pamoja na leseni.

Mimi saa zangu nilizipata nikiwa mtumishi wa serikali, kwa mafuta ya serikali. Senti tano ya baba yangu haikutoka. Nalisema hili kwa sababu vijana wakiniona na nyumba yangu hudhani nilianzia pale wanapotaka kuanzia wao.

Na ukishafika, kiti si chako. Mwaka 2010 Nigeria ilitunga sheria ya kuwapa wananchi wake nafasi ya kwanza katika kazi za mafuta. Siwalaumu, sisi wenyewe tuliweka masharti ya namna hiyo katika sheria yetu ya mafuta ya mwaka 2015. Kisha kuna bei. Kati ya 2014 na mwanzo wa 2016 pipa la mafuta lilianguka kutoka zaidi ya dola 100 hadi chini ya 30. Bei ikianguka, uchimbaji husimama, na helikopta hukosa wa kuwabeba. Kampuni kubwa ya CHC iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2016, na Bristow na PHI zikafuata mwaka 2019. Mimi nilikuwa nyumbani, begi limefungwa, nikaletewa ujumbe wa simu mistari miwili kwamba nisirudi zamuni. Kampuni sitaitaja. Vitabu vyangu bado viko kabatini huko, kama kabati lenyewe lipo.

Sikatai, kazi ile ilinijengea nyumba na kusomesha wanangu. Na ile miezi ya kukaa nyumbani ni mizima kweli, unapeleka watoto shule na kurudi nao. Lakini zamu haihesabu msiba. Mama yangu alifariki siku ya tisa ya zamu yangu. Alizikwa siku ileile, kama ilivyo desturi yetu, nami mwenye kuchukua nafasi yangu alikuwa bado Ulaya. Nilipofika nyumbani matanga yalishaanuliwa.

Kwa hiyo mama, shamba usiuze sasa. Kabla ya lolote, mpeleke kijana kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, apimwe kwa ajili ya cheti cha afya cha daraja la kwanza. Macho, masikio, moyo. Wapo walioshindwa kutofautisha rangi na hawakulijua hilo mpaka ada ilipokwisha kulipwa. Akifaulu, aulize majeshi yenye helikopta lini yanaandikisha, maana hufundisha watu wao. Na asidharau ufundi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Dar es Salaam kinafundisha matengenezo ya ndege, na mafundi wa helikopta walikaa kambi moja nasi, kwa zamu zilezile. Nilipoambiwa nisirudi, wawili kati yao walibaki.

Majibu ya daktari yakitoka, kijana mwenyewe aniandikie. Nitayasoma hapa hapa.