Siku ya Tatu Tukapewa Jembe

Jembe lenyewe lilikuwa jepesi, lenye mpini mrefu unaonipita kimo na bamba dogo la chuma lisilotosha kuinua hata tuta moja la viazi huku kwetu. Mzee alilitoa kwenye gereji, akalipangusa kwa kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili kama alivyowaona wazee wa Iringa wakifanya. Ilikuwa mwishoni mwa Mei 2011, mjini St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Theluji ilikuwa imeyeyuka, udongo umelegea, na mimi nilikuwa nimemaliza miezi tisa bila kazi isipokuwa kupika na kufua. Nilipolishika lile jembe nililia. Mzee akadhani amenikosea, akaanza kuniomba radhi.

Mume wangu ni mwalimu wa chuo, mtaalamu wa udongo. Agosti 2010 alikwenda kusomea udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kwenye kampasi yake ya kilimo iliyoko St. Paul, kampasi ile ile aliyosoma Norman Borlaug kabla ya kuujulisha ulimwengu ngano fupi inayozaa sana. Mimi na watoto wawili tulimfuata kama wategemezi. Mke au mume wa mwanafunzi hupewa viza ya F-2, na mwenye viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara hata saa moja. Mwanafunzi mwenyewe anaruhusiwa kazi ndogo ndogo za chuoni, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mke wake, hapana.

Morogoro nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa hadi mchungaji, uliniita mwalimu. Kule niligeuka mtu wa kukaa dirishani na kuhesabu mabasi ya chuo. Nasema haya kwa sababu watu wakisikia mtu yuko Marekani huona ameshafika. Hawaoni kwamba anaweza kukaa siku tatu bila kuzungumza na mtu mzima yeyote isipokuwa mumewe, naye anarudi usiku amechoka.

Mzee yule wa jembe na mkewe ndio waliotupokea uwanja wa ndege. Hatukuwajua. Kanisa lao lilikuwa limepata orodha ya wanafunzi wanaokuja, nao wakachagua jina letu kwa sababu ya neno Tanzania. Makanisa ya Kilutheri ya eneo la St. Paul yana udugu na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na udugu huo kule unaitwa kwa Kiswahili, Bega Kwa Bega, hata na Wamarekani wasiojua neno jingine lolote la lugha yetu. Usharika wa wazee hawa ulikuwa umeunganishwa na usharika mmoja wa Iringa vijijini, na mzee alikuwa amekwenda huko mara mbili. Basi tulipotokea na masanduku yetu, watoto wamelala mabegani, akaniangalia akasema: “Kamwene.”

Mimi ni Mhehe. Mume wangu ni Mluguru, akabaki ameduwaa. Nikaitikia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi kwenye mikanda ya mizigo.

Tukawaita Babu na Bibi. Wao walituambia tuwaite kwa majina yao ya ubatizo, kama ilivyo desturi ya kule, lakini midomo yetu ilikataa, na baada ya muda wakazoea.

Huduma yao haikuwa na bango wala ofisi. Kila Agosti gereji yao ilijaa vitanda, meza, masufuria na taa zilizokusanywa kwa waumini, na wanafunzi waliofika na sanduku moja walichukua walichohitaji. Waliomaliza masomo walivirudisha. Chini ya nyumba, kwenye chumba ambacho kwa lugha yao ni besmenti, kulikuwa na makoti ya baridi yamening'inizwa kwa saizi, na daftari. Ukichukua koti unaandika jina na nchi yako. Koti langu la kijivu lilikuwa limevaliwa na mwanamke wa Nepal na kabla yake na mwanamke wa Ghana. Wiki niliyolichukua, Bibi alinifundisha kuvaa nguo kwa tabaka, kusoma bili ya umeme, na kutofautisha dawa za kikohozi dukani.

Desemba ile nilielewa makoti yale ni ya nini. Theluji iliyoanguka Jumamosi tarehe 11 ilikuwa nzito kiasi kwamba alfajiri ya Jumapili paa la uwanja mkubwa wa michezo wa Minneapolis, Metrodome, lilichanika na kuanguka. Sisi tulikuwa ndani na maziwa ya mtoto yamekwisha. Adhuhuri hodi ikapigwa: Babu, miaka sabini na kitu, ndevu zina barafu, amekuja kwa miguu na maziwa kwenye mkoba. Barabara hazikuwa zimesafishwa. Hakukaa. Alisema Bibi anamsubiri, akaondoka.

Huduma ya namna hii ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1909 mfanyakazi mmoja wa YMCA aitwaye Harry Edmonds alikuwa kwenye ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Akapishana na mwanafunzi Mchina, akamsalimia, akapita. Yule kijana akasimama. Edmonds alipomrudia, akaambiwa kwamba kijana yuko mjini kwa wiki tatu, na hiyo ndiyo salamu ya kwanza kupewa. Wiki tatu! Huku kwetu mtu akipita asubuhi bila kusalimia, jirani atakuja jioni kuuliza kama kuna msiba. Edmonds alimsimulia mkewe, Florence, na mke ndiye aliyeuliza wafanye nini. Wakaanza kuwaalika wanafunzi wageni nyumbani kwao Jumapili jioni. Wageni wakawa wengi, kikaundwa chama, na mwaka 1924, kwa msaada wa fedha za John D. Rockefeller mdogo, likafunguliwa jengo la International House ambalo hadi leo linalaza wanafunzi wa mataifa mengi. Berkeley ikapata la kwake mwaka 1930, Chicago mwaka 1932. Magorofa yote hayo yametokana na meza ya chakula ya mke na mume.

Wengine walianza kwa hesabu tofauti. John Mott, kiongozi wa wanafunzi Wakristo, aliunda mwaka 1911 kamati ya urafiki na wanafunzi wa kigeni. Mwaka 1953 Bob Finley, aliyekuwa amehubiri China, alianzisha shirika la International Students. Hoja inayosikika sana katika huduma hizi ni kwamba vijana hawa watarudi kwao kuwa mawaziri, maprofesa na madaktari, kwa hiyo anayemfikia mmoja amefikia nchi. Naielewa hoja hiyo. Sipendi itangulie. Mtu akinipa koti kwa sababu mume wangu huenda akawa waziri, koti hilo limenikodi.

Nilimuuliza Babu jambo hili wazi. Mwaka tuliofika Marekani ilikuwa na wanafunzi wa kigeni 723,277. Mwaka wa masomo 2023/24 walifikia 1,126,690, wengi wao kutoka India na China. Nilitaka kujua: katika miaka yao yote, wangapi wameokoka? Babu alifikiri, akasema hana daftari la hilo, daftari alilonalo ni la makoti. Hakuwa anakwepa. Alimpenda Yesu waziwazi, aliomba kabla ya kula bila kunong'ona, na kila Ijumaa jioni baada ya chakula walisoma Biblia sebuleni. Ila ilijulikana kwamba asiyetaka kusoma anaweza kwenda jikoni kuosha vyombo au kucheza na watoto, na hakuna atakayemtazama vibaya. Mwanafunzi mmoja wa Kichina, mtaalamu wa wadudu, alikula pale miaka minne. Aliondoka kama alivyokuja, haamini Mungu. Mkewe alipojifungua, ni Bibi aliyekaa naye hospitali, na ni Bibi aliyempikia siku za uzazi.

Alikuwapo pia daktari wa mifugo kutoka Bangladesh, Mwislamu wa sala tano. Bibi alinunua sufuria mpya kwa ajili yake, akaibandika utepe wa kijani, na nyama yake alikwenda kuinunua duka la Wasomali. Nilimsindikiza siku moja. Mwenye duka aliposikia ninavyomwita mwanangu akanijibu kwa Kiswahili safi cha Nairobi, tukasahau nyama. Tangu siku hiyo nilikuwa na sababu ya kutoka nje kila Jumatano.

Ijumaa ninayoikumbuka zaidi tulisoma kitabu cha Ruthu, yule mjane mgeni kutoka Moabu aliyeokota masazo katika shamba la shayiri. Sebule ilijaa watu wa kilimo. Mwethiopia aliyekuwa akizalisha mbegu za shayiri alitueleza jinsi mavuno ya mundu yanavyoacha masuke, na kwamba mwenye shamba akiamua, anaweza kuacha mengi au machache. Wakabishana saa nzima juu ya kipimo cha efa. Mimi nilikuwa kimya. Nilikuwa nimeona jambo moja: Ruthu hakuletewa unga mlangoni. Alipewa ruhusa ya kuingia shambani.

Nadhani niliwahi kulisema hili mbele ya Bibi, kwa Kiingereza changu cha kuvunjika. Nikamwambia na methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alicheka, akaniuliza mara mbili kama nimeitafsiri sawasawa, maana kwao mgeni kufanyishwa kazi ni aibu ya mwenyeji. Nikamweleza kwamba kwetu jembe halimfukuzi mtu tu. Linamwambia pia kwamba sasa wewe ni wa nyumba hii, njoo shambani na wenzako.

Miezi mitatu baadaye Babu akafungua gereji.

Alitupa kipande cha uwanja wa nyuma, hatua nane kwa sita. Nilipoanza kulima nikakuta mchicha umejiotea pembeni, mchicha pori wenye shina jekundu chini. Kule ni gugu, wanaliita la nguruwe, na Babu alikuwa amepigana nalo miaka thelathini. Nikachuma majani machanga, nikayapika kwa karanga. Alikula sahani mbili. Kiangazi kile jua lilizama karibu saa tatu usiku, na jioni wake wa wanafunzi walianza kuja: Mnepali, Mhindi, Mkameruni. Kila mmoja akaomba tuta lake. Tulikuwa tumekaa mtaa mmoja mwaka mzima bila kujuana.

Tulirudi Morogoro mwaka 2015. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wanafunzi kutoka Malawi, Zambia, Burundi, Kongo, Ethiopia na kwingineko, na mji wenyewe haujaanza leo kupokea wanafunzi wageni: Mazimbu, ambako sasa ni kampasi ya chuo hicho, ilikuwa shule ya vijana wa ANC waliokimbia ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, hadi walipoikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Mimi na mume wangu tukaomba, tukaanza kuwaalika nyumbani Jumapili baada ya ibada.

Tulikosea. Nilipika pilau na kuku, nikatoa vyombo vya kabatini, nikamketisha Mmalawi wa watu kwenye kiti kikubwa kama askofu wa ziara. Alishukuru sana. Hakurudi. Wa pili naye hakurudi. Mume wangu ndiye aliyeniuliza kama Bibi aliwahi kutuketisha hivyo.

Siku hizi anayefika mapema hukuta kisu na vitunguu. Mmalawi anasonga ugali na kutuambia nsima yetu ni ngumu mno. Mwethiopia wa Othodoksi akiwa kwenye mfungo hali nyama, maziwa wala mayai, basi maharage ya nazi ndiyo chakula cha wote siku hiyo. Mume wangu huwasindikiza Uhamiaji kufuatilia vibali vya ukaazi. Tunasoma Biblia kwa Kiingereza na Kiswahili, na Mkongo wa Bukavu hutafsiri kwa Kifaransa anapoona Mrundi amekunja uso. Asiyetaka kusoma anamwagilia bustani.

Bibi alifariki wakati wa korona. Babu yuko kwenye nyumba ya wazee, na masikio yamepungua, kwa hiyo tukimpigia simu ya video tunaongea machache. Jumapili iliyopita aliniuliza wako wangapi leo. Nikamwambia saba. Akauliza wanafanya nini. Nikageuza simu kuelekea nyuma ya nyumba, ambako Mzambia aliyefika wiki mbili zilizopita alikuwa ameinama kwenye tuta la mchicha, shati amelivua na kulitundika kwenye mpapai.

“Mwambie,” Babu akasema, “asing'oe ule wenye shina jekundu.”