Protini yenye jina la Kilifi na fumbo la malaria ya ubongo

MTOTO mwenye homa kali anapokakamaa na kupoteza fahamu, wakazi wengi wa Malindi na Kilifi husema amepatwa na degedege. Tangu jadi wapo walioamini kuwa hiyo ni kazi ya ndege au pepo. Hata hivyo, hali hiyo huweza kuwa dalili ya malaria ya ubongo, maradhi yaliyoliingiza jina la Kilifi katika istilahi za sayansi.

Ndani ya kuta za mishipa midogo ya damu kuna protini iitwayo ICAM-1, ambayo hukaa juu ya seli. Kazi yake ni kuzinasa chembe nyeupe za damu ili zipenye na kupambana na maambukizi. Mnamo 1989, wanasayansi walibaini kuwa chembe nyekundu zilizovamiwa na vimelea vya malaria nazo hujishikiza papo hapo.

Chembe hizo zikirundikana katika mishipa ya ubongo, damu hukwama na kuta huanza kuvuja. Nje ya kuta hizo zipo seli za glia, ambazo huzilisha na kuzilinda seli za neva na kupashana nazo habari. Mawasiliano hayo yakivurugika, mtoto huweza kutetemeka mwili mzima na kuzirai.

Mwaka 1997, watafiti waliochunguza watoto wa Kilifi walitangaza kwamba baadhi yao walirithi ICAM-1 iliyobadilika kidogo. Umbo hilo wakaliita ICAM-1 Kilifi. Waliorithi jeni yake kutoka kwa wazazi wote wawili walionekana kukabiliwa na hatari ya takriban mara mbili ya kuugua malaria ya ubongo.

Lakini utafiti mpana zaidi uliochapishwa mwaka 2008, ukihusisha Gambia, Malawi na Vietnam, haukuona uhusiano wowote kati ya jeni hiyo na malaria kali. Jina limebaki, dai lenyewe halikuthibitika.

Kwa mzazi, funzo ni kwamba damu ya ukoo haipaswi kulaumiwa, wala pepo. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, na akishikwa na degedege akimbizwe hospitalini bila kusubiri tiba nyingine. Hata miongoni mwa wanaopona, wapo wanaobaki na kifafa au matatizo ya kuzungumza na kujifunza.