Mtoto Mkimya Asiyetajwa

Mwalimu akiulizwa ni mwanafunzi yupi anayemtatiza, humtaja upesi anayepigana, anayetoroka, asiyetulia dawatini. Yule akaaye nyuma peke yake, asiyecheza na wenzake wala kunyoosha mkono, hatajwi.

Ndiyo maana watafiti hawaishii kwenye swali hilo. Hojaji ya SDQ, iliyochapishwa na daktari wa akili wa Uingereza, Robert Goodman, mwaka 1997, na ambayo ina tafsiri ya Kiswahili, ina vipengele 25 vinavyogusa hofu na huzuni, mwenendo, kutotulia, uhusiano na wenzake, na wema kwa wengine. Mzazi hujaza yake, mwalimu yake. Mtoto wa miaka 11 na zaidi hujijazia mwenyewe. Majibu mara nyingi hayalingani, wala hilo si kosa: mama humwona akishtuka usingizini, mwalimu humwona wakati wa mapumziko.

Alama kubwa si ugonjwa. Kabla ya mtoto kuitwa mkaidi, apimwe masikio na macho, kwani asiyesikia amri huonekana kama anayeipuuza. Na bakora? Utafiti wa mwaka 2014 uliohusu wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania ulikuta karibu wote wamewahi kuchapwa, na kadiri walivyochapwa zaidi na walezi, ndivyo matatizo ya mwenendo yalivyozidi. Kipi kilitangulia, utafiti wa mara moja hauwezi kuthibitisha. Lakini hakuna dalili kwamba fimbo iliwatuliza.