Gari Lako Linamwambia Nani Ulipo?

Magari mengi ya kisasa hutambua mahali yalipo kwa setilaiti, kisha hutuma taarifa hizo kwa mtengenezaji kupitia mtandao wa simu. Mnunuzi wa gari lililotumika, awe Mbinga au Mbamba Bay, afahamu kwamba mmiliki wa awali ambaye akaunti yake haijafutwa anaweza kuendelea kuona gari lilipo.

Kabla ya kukamilisha malipo, tunashauri yafuatayo:

1. Muuzaji aliondoe gari katika akaunti yake mbele yako.
2. Fungua mipangilio kwenye skrini, zima utumaji wa mahali, kisha futa kumbukumbu zote za mtumiaji wa awali.
3. Fundi umeme akague kama kuna kifaa cha ufuatiliaji kilichofungwa baadaye.

Ukizima, huenda ukakosa msaada wa kulitafuta gari likiibwa. Gari likiwa la mkopo, soma mkataba kwanza. Vifaa vya ufuatiliaji vinavyotakiwa na LATRA katika mabasi ya abiria visiguswe.

Taarifa zako zikitumiwa isivyo halali, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2022.