Kamisheni ya soko la mtandaoni na ofisi ya madalali ya Venice

Kila Juni 30 inapokaribia, habari za ritani za ushuru hujaa kurasa za biashara nchini Kenya. Siku hizi, katika vilio vya walipa ushuru, kipo pia cha wauzaji wa mtandaoni: kiasi walichopokea benki hakilingani na mauzo yanayoonekana kwenye mitambo ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Wengi hudhani wameonewa. Mimi nadhani wengi wao wameandika vitabu vyao vibaya, na kwamba dawa yao ilichapishwa zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Msomaji aliyefuatilia mfululizo huu anakumbuka tulivyoeleza leja, debiti na krediti, na sababu ya kila shilingi kuandikwa mara mbili. Leo nataka kuzungumzia kurasa chache ambazo walimu wa uhasibu huzipita haraka mno.

Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa wa shirika la Wafransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu, Summa de arithmetica. Ndani yake mna sehemu inayofundisha vitabu vya mfanyabiashara. Pacioli hakubuni mfumo huu. Vitabu vya serikali ya Genoa vya mwaka 1340 vimeandikwa kwa njia hiyohiyo, na Benedetto Cotrugli alikuwa ameandika juu yake mwaka 1458, ila maandishi yake hayakupigwa chapa hadi 1573. Sifa ya Pacioli ni kwamba alifundisha hadharani, kwa lugha ya watu wa soko, jambo ambalo hadi hapo lilijulikana zaidi ndani ya nyumba za matajiri. Alipokuwa kijana aliishi Venice akiwafundisha watoto wa mfanyabiashara mmoja, na baadaye, mjini Milan, alifanya kazi bega kwa bega na Leonardo da Vinci. Mtu wa namna hiyo angeweza kujifungia na hesabu za juu tu. Alichagua kumweleza muuza tangawizi jinsi ya kupiga mstari kwenye daftari la kumbukumbu kila ingizo linapohamishiwa kwenye jarida, na mistari miwili kwenye jarida, mmoja wa debiti na mmoja wa krediti, linapofika kwenye leja. Namheshimu sana kwa uamuzi huo.

Kurasa ninazozisema zinahusu ofisi iliyoitwa Messetaria. Biashara nyingi za Venice zilipitia kwa dalali, na dola ilidai sehemu yake katika kila mauzo: mbili, tatu au nne kwa kila mia. Mnunuzi alizuia kiasi hicho katika fedha za muuzaji. Muuzaji basi alipokea mkononi pungufu ya bei waliyokubaliana, sawasawa na anayeuza leo kupitia Jumia au Amazon.

Agizo la Pacioli liko wazi. Ofisi ifunguliwe akaunti yake kwenye leja, kama mtu yeyote unayedaiana naye. Bidhaa ziandikwe upande wa debiti, na sehemu ya ofisi iandikwe upande wa krediti. Hakuna ruhusa ya kuandika kilichobaki peke yake kana kwamba makato hayakuwepo. Dalali naye aliripoti biashara ilivyofanyika, ya nini na kati ya nani na nani, ili likizuka swali pawe na pa kulitazamia. Kisha Pacioli anaonya kuhusu ofisi za umma kwa jumla: makarani hubadilishwa mara kwa mara, kila mmoja ana namna yake ya kuweka vitabu, na kila mmoja humlaumu aliyemtangulia. Kwa hiyo weka vyako vizuri, usitegemee vyao.

Sasa tuje Nairobi. Chukua muuzaji wa viatu, kwa takwimu za mfano tu. Kwa wiki moja ameuza viatu vya Sh115,000. Wateja wamerudisha vya Sh8,000. Soko limekata kamisheni Sh14,000 na gharama za usafirishaji Sh6,000, na benki zimeingia Sh87,000. Akiandika "mauzo 87,000" amekosea mara tatu kwa mstari mmoja. Amepunguza mauzo yake, ambayo baada ya marejesho ni Sh107,000. Ameficha gharama ya Sh20,000 ambayo angepaswa kuijua kabla ya kupanga bei. Na amefuta kumbukumbu ya viatu vilivyorudi, ambavyo huenda vina kasoro moja ya kiwandani.

Ushuru nao haumsubiri. Kiwango cha kulazimika kusajiliwa kwa VAT nchini Kenya ni mauzo ya Sh5,000,000 kwa mwaka. Wiki 52 za Sh87,000 ni Sh4,524,000, naye atajiona salama. Wiki 52 za Sh107,000 ni Sh5,564,000. Kama analipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unapigwa juu ya mauzo ghafi, wala kamisheni haiondolewi. Na tangu Januari 1, 2024, kwa anayelipa ushuru wa mapato juu ya faida, kwa kawaida gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi kupunguza ushuru. Kamisheni ya soko ni gharama; ankara yake itafutwe na ihifadhiwe.

Hapo ndipo programu za kuunganisha soko na vitabu zinapofaa. Programu kama A2X husoma taarifa ya malipo ya soko, kwa mfano ile ambayo Amazon huitoa takribani kila wiki mbili, kisha huandika kwenye programu ya uhasibu kama QuickBooks au Xero ingizo moja la jumla lililogawanywa: mauzo, marejesho, kamisheni, usafirishaji. Salio hukaa kwenye akaunti ya kupitishia yenye jina la soko. Fedha zikifika benki, akaunti hiyo inarudi sifuri. Malipo yakivuka mwisho wa mwezi, kila mwezi hupewa fungu lake. Hiyo ndiyo akaunti ya Messetaria ya Pacioli, imeandikwa na kompyuta.

Lakini kompyuta haijui biashara yako. Mwanzoni ni wewe unayeiambia kila aina ya makato iende akaunti gani, na soko likibadilisha jina la makato fulani, ingizo laweza kwenda kusikofaa bila mtu kushtuka. Hatari kubwa zaidi ni hii: taarifa za benki nazo huingia kwenye programu ya uhasibu zenyewe, na karani asiyeelewa akizipitisha kama mauzo, wiki ileile inahesabiwa mara mbili, Sh107,000 kutoka sokoni na Sh87,000 kutoka benki. Mwenye duka atafurahia faida ambayo haipo, na atatozwa ushuru juu yake.

Sikubaliani kabisa na wanaouza mitambo hii kwa ahadi kwamba mfanyabiashara hatahitaji tena kuangalia vitabu. Kutoangalia vitabu vyako ni kuacha amana ya watu: ya anayekukopesha, ya mfanyakazi anayetegemea mshahara, ya taifa linalosubiri ushuru. Pacioli aliwataka wanafunzi wake waanze kila kitabu kwa jina la Mungu, na naamini alimaanisha.

Toleo lijalo nitaeleza hesabu za bidhaa zilizo ghalani mwa soko kabla ya kuuzwa. Kabla ya hapo, msomaji unayeuza mtandaoni, fungua taarifa ya malipo yako ya mwisho na uilinganishe na ulichoandika kama mauzo. Kama ni kiasi kilekile kilichoingia benki, mwite mhasibu wako wiki hii, Juni 30 ingali mbele.